Usitupe Matambara: Shona Mfarishi Wakati wa Likizo

Msomaji, kabla ya kuendelea na ukurasa huu, nenda kwanza ukatazame chini ya kitanda chako. Karibu kila nyumba ina mfuko au katoni ya nguo zilizochoka: shati la baba lililokwisha kola, sare ya shule ambayo mtoto amekua akaiacha, rinda lililopasuka kwapani, shuka ambalo katikati limekuwa jepesi kama utando wa buibui. Hazivaliki tena, wala huna moyo wa kuzitupa. Mwisho wake huwa matambara ya kupangusia meza, au panya huzalia ndani yake.

Mwezi huu twataka kukuonyesha namna ya kuzigeuza nguo hizo kuwa mfarishi. Mfarishi ni nguo ya kujifunika au ya kutandika yenye tabaka tatu: juu kitambaa, katikati kitu cha kuleta joto, chini kitambaa tena, na zote zimeshonwa pamoja ili zisiachane. Neno hili ni la zamani, na watu wa pwani walijua. Huku bara siku hizi tunasema duveti, lakini duveti ni ya kununua dukani. Huu tunaousema hapa ni wa kushona mwenyewe, na sehemu kubwa ya gharama yake umekwisha kuilipa zamani, siku uliponunua nguo zile.

KWA NINI DESEMBA?

Tuseme wewe wakaa Theta, kati ya Ruiru na Thika. Mwanzoni mwa Desemba huenda bado wachuma kahawa ya msimu mkubwa, na wakati huo hatukuambii ushike sindano. Lakini sikukuu zikaribiapo kazi hupungua. Mahindi na maharagwe ya mvua za vuli yamo shambani na yamekwisha kupaliliwa. Watoto wamefunga shule. Jirani mmoja amesafiri kwa wazazi wake, na mwingine amekwenda pwani. Wewe mwaka huu umebaki nyumbani, kwa kuwa nauli hupanda siku za sikukuu, na karo ya Januari haimngoji mtu. Tena ng'ombe hawajui Krismasi. Lazima wakamuliwe asubuhi na jioni, hata tarehe 25 na hata tarehe 26.

Basi kati ya kukamua asubuhi na kukamua jioni pana nafasi. Ukitenga saa mbili tu za alasiri, wakati kuna mwanga mzuri, waweza kufanya kazi kubwa. Usione haya kwamba hukusafiri. Wengi waliosafiri watarudi mifuko ikiwa mitupu.

Wala usisahau kwamba Julai itakuja. Theta ipo mita kama 1,500 juu ya bahari. Toka Juni mpaka Agosti mawingu hufunga, jua laweza kukosekana kutwa nzima, na usiku watoto hukunja miguu mpaka magoti yagusane na kidevu. Wakati huo ndipo kila mtu akumbukapo blanketi. Kabla ya hapo, mwezi wa Januari, mtoto anayekwenda shule ya bweni hudaiwa godoro, shuka na blanketi siku ile ile anayodaiwa karo. Nyumba nyingi hukopa wakati huo. Mfarishi ulioshonwa kabla ya Januari huondoa deni moja katika orodha hiyo, na kwa sababu hii twakuomba uipe kazi hii heshima ya kazi ya shamba.

WALIOTUTANGULIA

Kazi hii wameifanya wakulima wengine waliopata shida kuliko sisi. Katika jimbo la Alabama, huko Marekani, kuna mahali paitwapo Gee's Bend, penye mto uliozunguka pande tatu. Wakazi wake ni wajukuu wa Waafrika waliokuwa watumwa katika shamba la pamba. Baada ya utumwa waliendelea kulima pamba kwa mkopo. Mwaka wa 1932 mfanyabiashara aliyekuwa akiwakopesha alikuwa amekufa, na mjane wake akadai madeni yote kwa mara moja. Walichukuliwa mifugo, majembe, na hata chakula walichoweka kwa ajili ya majira ya baridi.

Wanawake wa mahali hapo waliwafunika watoto wao kwa mifarishi waliyoishona kutoka nguo za kazi: suruali zilizopauka magotini, mashati ya shambani, na mifuko ya mbolea na unga, ambayo siku zile ilikuwa ya pamba. Mwaka wa 1942 Bibi Missouri Pettway, aliyekuwa amefiwa na mumewe, alizichukua nguo za kazi za marehemu akaziunga kuwa mfarishi mmoja. Alitaka kumkumbuka, na alitaka kujifunika.

Mwaka wa 1966 wanawake wa sehemu ile waliunda chama cha ushirika cha kushona na kuuza mifarishi. Mwaka wa 2002 mifarishi ya Gee's Bend ilitundikwa katika jumba la sanaa la Houston, kisha New York, na watu walisimama mbele yake kama wasimamavyo mbele ya picha za wachoraji wakuu. Mwaka wa 2006 Posta ya Marekani ilitoa stempu zenye sura ya mifarishi hiyo. Lakini walipoishona hawakufikiri jumba wala stempu. Walifikiri baridi. Nawe anza hapo hapo.

VITU UTAKAVYOHITAJI

Sindano mbili au tatu, uzi imara wa pamba, rangi moja, mkasi mkali, utepe wa kupimia kama wa fundi, kipande cha sabuni kikavu cha kuchorea, pini, na subana ya kukinga kidole, kwa kuwa kupitisha sindano katika tabaka tatu huumiza. Pasi yafaa sana, iwe ya stima au ya makaa. Cherehani si lazima. Ukiwa nayo, au jirani akiwa nayo, itafupisha kazi ya kuunga viraka.

Kwa tabaka la juu tafuta nguo za watu wazima kama 8. Shati moja likikatwa vizuri hutoa viraka kama 15, lakini sehemu zilizochoka huwezi kuzitumia, kwa hiyo weka nguo 2 za akiba. Kama hazikutosha, mwendee fundi wa nguo sokoni jioni kabla hajafagia. Mabaki yake ni mazuri kwa kuwa hayajavaliwa.

Kwa tabaka la katikati tumia blanketi kuukuu, hata lenye matundu, ukiyaziba matundu kwa vipande vya sweta. Kwa tabaka la chini doti moja ya leso yatosha. Leso mbili zikiungwa kwa pande zao ndefu hutoa kitambaa cha inchi kama 58 kwa 84, na hicho ndicho kipimo utakachotaka. Shuka kubwa la zamani lafaa pia.

Magunia ya siku hizi usiyatumie. Ni ya plastiki, hayapitishi jasho, tena huchanika katika nyuzi.

JARIBU KITAMBAA KABLA YA KUKATA

Kwanza fua nguo zote kwa maji ya moto na sabuni, hasa za mtumba na za fundi, uzianike juani mpaka zikauke kabisa. Maji ya moto huua kunguni na mayai yao, na kitambaa kinachotaka kurudi hurudi sasa, kisije kikarudi kikiwa ndani ya mfarishi.

Pili, jaribu rangi. Lowesha pembe ya nguo, uweke juu yake kitambaa cheupe, upige pasi. Cheupe kikitoka na rangi, nguo hiyo ifue tena. Ikiendelea kutoa rangi mara ya tatu, iache. Kiraka kimoja chekundu kinachochuja chaweza kuharibu vingine mia.

Tatu, jaribu nyuzi. Chomoa nyuzi chache, uzishike kwa kibanio juu ya sahani ya bati, uziwashe kwa kiberiti. Nyuzi za pamba huwaka, hunuka kama karatasi inayoungua, na huacha jivu laini. Nyuzi za kiwandani, kama zile za poliesta, hujikunja, huyeyuka, na huacha donge gumu. Vitambaa vya aina zote mbili vyaweza kutumika, lakini visichanganywe ovyo. Kitambaa kizito kikiungwa na chepesi, kile kizito hukivuta chenzake mpaka kikachanika. Jaribio hili lifanywe na mtu mzima, nje ya nyumba.

ANZA NA KITU KIDOGO

Usianze na mfarishi siku ya kwanza. Anza na kishikio cha sufuria. Kata viraka viwili vya inchi 7 kwa 7, weka kati yake tabaka tatu za kitambaa cha pamba kilichochakaa, shona mistari michache ya kupita katikati, kisha kunja kingo uzishone. Hapa kila kitu kiwe pamba tupu, kwa kuwa nyuzi za kiwandani huyeyuka na kukuchoma mkono. Ukimaliza utakuwa umejifunza kazi yote, maana mfarishi ni kishikio kikubwa cha sufuria, basi.

HESABU YA MFARISHI

Kitanda cha mtu mmoja hutaka mfarishi wa inchi 54 kwa 78, yaani futi nne na nusu kwa sita na nusu. Kila kiraka kikatwe inchi 7 kwa 7. Nusu inchi kila upande itaingia katika mshono, kwa hiyo kitabaki inchi 6. Mpe mtoto hesabu hii afanye: viraka 9 kwa upana, viraka 13 kwa urefu, jumla ni vingapi? Ni 117. Ukipanga cheusi, cheupe, cheusi, cheupe, kama ubao wa dama, utahitaji vyeusi 59 na vyeupe 58. Tusemapo vyeusi twataja rangi yo yote nzito, na vyeupe ni rangi yo yote hafifu.

Sasa fuata hatua hizi:

1. Kata kipimo cha boksi gumu cha inchi 7 kwa 7, upande kwa upande sawasawa. Kiweke juu ya nguo kufuata nyuzi zake, uchore kwa sabuni, ukate. Usikate mshazari, kwa maana kitambaa kilichokatwa mshazari huvutika na viraka havitakutana.

2. Panga viraka vyote chini, katika mkeka safi au kitandani, uvitazame. Simama mbali kidogo. Badilisha usivyovipenda sasa, kabla sindano haijaingia.

3. Unga safu moja moja ya viraka 9. Weka viraka viwili, uso kwa uso, ushone nusu inchi kutoka ukingoni kwa mshono mdogo mdogo. Kila baada ya hatua chache za sindano rudi nyuma mara moja, ili uzi ukikatika siku moja mshono usifumuke wote.

4. Piga pasi mishono, ukiilaza upande wa kitambaa kizito. Kisha unga safu zote 13. Hakikisha mishono imekutana njia panda. Shika kila njia panda kwa pini kabla ya kushona.

5. Tandaza leso zilizoungwa sakafuni, uso chini. Juu yake tandaza blanketi. Juu ya blanketi tandaza viraka, uso juu. Leso zizidi inchi 2 kila upande, na zaidi ya hapo kata. Lainisha kwa viganja toka katikati kwenda nje, kikunjo kisibaki.

6. Shikiza tabaka zote tatu kwa mishono mirefu ya muda, ukianza katikati, mstari na mstari upana wa kiganja. Watu wengi huacha hatua hii kwa haraka, na ndio ambao mifarishi yao hujikunja.

7. Shona sasa kwa uzi imara, mishono midogo ya kwenda mbele, kufuata mishono ya viraka, sindano ipite tabaka zote tatu. Kama katikati umeweka pamba isiyofumwa badala ya blanketi, mistari iwe karibu zaidi, inchi 3, la sivyo pamba itakusanyika pembeni kama mawe katika mfuko.

8. Kata blanketi lililozidi viraka. Kunja ule ukingo wa leso inchi moja, kisha inchi moja tena uje juu ya viraka, ushone pindo pande zote nne. Chomoa mishono ya muda. Umekwisha.

MUDA WAKE

Tusidanganyane. Kwa saa mbili kila alasiri, kwa mkono, kukata kwachukua siku 3. Kuunga safu 13, safu moja kwa siku, siku 13. Kuunga safu pamoja siku 6. Kutandaza na kushikiza siku 1. Kushona tabaka siku 10. Pindo siku 2. Jumla ni siku 35, yaani saa 70. Ukianza tarehe 1 Desemba bila kukosa hata siku moja, utamaliza tarehe 4 Januari. Na Jumapili je? Na Krismasi yenyewe? Na siku ile ng'ombe atakapozaa?

Kwa hiyo twasema, usifanye peke yako. Kidole kimoja hakivunji chawa. Wakikuyu wana neno ngwatio, yaani kusaidiana kazi kwa zamu: leo twalima kwako, kesho kwangu. Wakusanye akina mama wanne. Kila mmoja aunge viraka vyake nyumbani kwake. Kazi ya kutandaza na kushona tabaka ifanyeni pamoja, mfarishi mmoja baada ya mwingine, wawili upande huu na wawili upande ule. Kazi ya siku 10 huwa ya siku 3, na siku hizo tatu husikii zinapita kwa sababu ya mazungumzo. Tangu Maendeleo ya Wanawake ilipoanzishwa mwaka wa 1952, vikundi vya wanawake vijijini vimefundishana kushona. Hili si jambo geni kwetu.

Wala isiwe kazi ya wanawake peke yao. Mafundi wengi wa nguo sokoni ni wanaume, na hakuna anayewacheka. Baba aweza kukata viraka kwa kipimo. Mvulana aweza kuunga safu kama dada yake. Nyanya mwenye macho dhaifu aweza kupanga rangi, na mara nyingi yeye ndiye ajuaye rangi ipi yataka kukaa na ipi.

KAMA HUPENDI KUPIMA

Kuna njia nyingine, nayo imetoka kwa jamaa zetu wa mbali. Katika jimbo la Karnataka, India, wako watu waitwao Wasiddi. Wazee wao walitoka Afrika, wengi wao wakiwa wamepelekwa kama watumwa kuvuka Bahari ya Hindi. Wanawake wao hushona mifarishi iitwayo kawandi, nao hawapimi kiraka hata kimoja.

Hutandaza sari kuukuu kuwa tabaka la chini. Huanza pembeni, hukunja ukingo wa kiraka cho chote walicho nacho, kikubwa au kidogo, na kukishona juu ya sari kwa mishono ya kwenda mbele. Huweka kiraka kingine pembeni yake, wakizunguka ukingo wote, kisha huingia ndani mzunguko baada ya mzunguko mpaka wafike katikati. Kuunga viraka na kushona tabaka huwa kazi moja. Katika pembe nne hutia vipande vidogo vilivyokunjwa, viitwavyo phula, yaani maua. Wanasema mfarishi usio na maua pembeni haujakamilika.

Njia hii yafaa kama mabaki yako ni madogo na ya umbo lo lote. Leso yako yaweza kukaa mahali pa sari. Ubora wake mwingine ni huu: waweza kuiacha wakati wo wote, ukaenda kutazama maziwa jikoni, na kurudi bila kupoteza hesabu.

MAMBO YA KUJIHADHARI

Hesabu sindano zako kabla ya kuanza na baada ya kumaliza. Sindano iliyopotea katika nyumba yenye mtoto anayetambaa ni hatari kubwa. Usishone usiku kwa koroboi. Utachosha macho, na uzi, pamba na moto si marafiki. Mtoto mchanga wa chini ya mwaka mmoja usimfunike mfarishi mzito alalapo, kwa kuwa waweza kumziba pumzi. Kwake yeye mfarishi ni wa kutandika chini mchana, acheze juu yake huku ukimwona.

Kufua ni mara chache. Mfarishi ukilowa huwa mzito, kwa hiyo ukamueni watu wawili, msiunyonge kama kamba. Uanikeni juu ya majani safi au kamba mbili, usitundikwe juu ya seng'enge.

Tena jambo moja la heshima. Ikiwa katika katoni yako zimo nguo za mtu aliyefariki, usizikate kwa haraka. Ulizaneni kwanza nyumbani. Wako watakaosema ziachwe. Wako watakaofurahi, kama Bibi Pettway, kulala wakiwa wamefunikwa na kitu kilichowahi kuvaliwa na mtu wao. Hilo nyumba yenyewe ndiyo iamue.

JE, UTAUZA?

Wasomaji wengi watauliza swali hili, na tutawajibu waziwazi. Mtu akikuona na mfarishi mzuri atakutajia bei. Usijibu upesi. Toa kwanza gharama ya uzi, sindano, leso na vitu vingine ulivyonunua. Kinachobaki kigawanye kwa saa 70. Hapo utajua umelipwa kiasi gani kwa saa moja, na utaweza kulinganisha na kibarua cha kuchuma kahawa. Mara nyingi utaona kwamba bei uliyotajiwa, ijapokuwa yasikika kubwa, ni ndogo sana. Wanunuzi wa vitu vya mkono huwa wapo, lakini hutaka kazi safi, mishono sawasawa, na viraka vilivyokutana njia panda. Mfarishi wako wa kwanza hautakuwa hivyo. Wa tatu labda.

Kwa hiyo shauri letu ni hili: wa kwanza uwe wa mtoto wako, wa pili uwe wa mzee wako, na wa tatu, kama bado wapenda kazi hii, ndio uupeleke sokoni. Andika katika daftari lako la shamba, karibu na hesabu ya maziwa na mbolea, kila shilingi uliyotumia na kila saa. Kazi ya nyumbani isiyoandikwa hufikiriwa kuwa bure, na kazi ya bure hapana.

Basi, msomaji, likizo hii unapokaa nyumbani na barabara ya Thika inanguruma magari ya wasafiri, iburute ile katoni kutoka chini ya kitanda. Chagua nguo mbili, zifue, zianike. Kesho kata viraka viwili, ushone kishikio cha sufuria. Keshokutwa utakuwa na vinne. Haba na haba hujaza kibaba, na viraka 117 hujaza kitanda. Julai itakapofika, na manyunyu yakaanza kugonga mabati usiku, utamwendea mtoto kumtazama kama amejifunika. Utamkuta amelala miguu imenyooka, na juu yake lile shati la baba lililokwisha kola, rinda lako la zamani, na sare yake mwenyewe ya darasa la kwanza, vyote bado vyafanya kazi.